Rangi ya taa haikuambii nani alitangulia majini

Mbita, kando ya Ziwa Victoria, usiku usio na mwezi ziwa linageuka mji. Wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, wanatoka jioni na taa zao, wanaziacha zikielea juu ya maji, omena inafuata mwangaza, halafu nyavu zinashushwa, na wewe uliyebaki ufuoni unaona tu nukta kwa nukta kutoka upande wa Rusinga mpaka pale macho yanapochoka. Mwezi ukijaa hawatoki, kwa sababu mwangaza unakuwa umemwagika kila mahali na omena haina haja tena na taa ya mtu. Agosti iliyopita shule zilikuwa zimefungwa nikawa huko kwa mama, na usiku mmoja nikakaa na mzee jirani yetu aliyekuwa anashonelea nyavu barazani kwake, tunaangalia maji tu, nikaona taa zingine ni za manjano na zingine nyeupe kabisa, ule weupe wa kukaribia bluu.

Nikamwuliza, "Mzee, hizo za manjano si ndio za watu wa kwanza kutoka, na hizi nyeupe ni za waliofuata?"

Hakuinua hata kichwa. "Hapana, mwalimu. Ile ya manjano ni karabai, inakula mafuta ya taa. Nyeupe ni ya sola. Rangi inakuambia taa inakula nini, basi. Nani alitangulia majini, hiyo utawauliza wenyewe asubuhi wakishusha."

Hilo jibu lilinikaa kichwani wiki nzima, na sababu ni kwamba mimi nafundisha fizikia na kemia huku Maseno, pale ikweta inapokatiza barabara, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu mafungunyota ya tufe, yaani yale makundi ambayo nyota laki kadhaa, wakati mwingine milioni kadhaa, zimeshikana kwa uvutano wao wenyewe mpaka zikawa kama mpira. Galaksi yetu iko na zaidi ya 150 zinazojulikana. Na karibu kila andiko unalofungua siku hizi linakuambia kwamba ndani ya mpira mmoja kuna nyota za kizazi cha kwanza na nyota za kizazi cha pili, kana kwamba ni jambo limeshapimwa na kufungwa. Mimi nasema halijafungwa. Nasema neno kizazi limetangulia ushahidi, na sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tuko na nafasi ya kuchagua neno lenye heshima zaidi kwa kile kilichoonekana.

Hebu nianze na kile tulichofundishwa sisi, kwa sababu bado kiko kwenye vitabu vingi. Tuliambiwa fungunyota la tufe ni kama darasa la form one waliojiunga siku moja: nyota zote zilizaliwa wakati mmoja, kutoka wingu moja la gesi, ziko mbali nasi kwa umbali ule ule, mchanganyiko wao wa elementi ni ule ule, kitu pekee kinachotofautiana ni uzito. Ndio maana wanafizikia waliyapenda sana haya mafungu, kwa sababu ukitaka kujua nyota inazeekaje unaangalia fungu moja la umri wa miaka bilioni 12 au 13 na unaona nzito zimeshakufa, za katikati zinavimba kuwa majitu mekundu, nyepesi bado zinachoma hidrojeni polepole. Jua letu lenye miaka bilioni 4.6 ni mtoto mbele ya hizo. Na bado ni somo zuri, silitupi, lakini lile la mchanganyiko mmoja limevunjika.

Lilivunjikaje? Chukua Omega Centauri, fungu kubwa kuliko yote ya galaksi yetu, nyota karibu milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Unachukua picha yake kwa vichujio viwili vya rangi, halafu kwa kila nyota unaandika vitu viwili tu, inang'aa kiasi gani na rangi yake ni gani, unaweka nukta kwenye grafu. Nyota zinazochoma hidrojeni zinajipanga kwenye mstari mmoja mrefu unaoteremka kutoka zile za bluu zenye mwangaza hadi zile nyekundu hafifu, na kama kweli ni darasa moja la mchanganyiko mmoja, huo mstari unafaa uwe mwembamba kama uzi. Mwaka 2004 Luigi Bedin na wenzake wakatoa grafu ya Omega Centauri iliyopimwa na darubini ya Hubble na mstari ulikuwa miwili. Si mmoja mnene, ni miwili, na katikati kuna pengo. Mara ya kwanza kuiona hiyo grafu nilidhani ni makosa ya uchapishaji, nikaitafuta tena mahali pengine nikaikuta ni ile ile.

Mwaka uliofuata Giampaolo Piotto na kundi lake wakatumia darubini kubwa ya VLT iliyoko Chile kupima mwanga wa nyota za kila mstari, na hapo ndipo mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kwa kawaida nyota yenye metali nyingi (wanaastronomia huita metali elementi zote nzito kuliko heliamu) huwa nyekundu zaidi, lakini huku nyota za mstari wa bluu ndizo zilikuwa na metali nyingi. Kinyume kabisa. Kitu pekee kilichoweza kuelezea hiyo ni heliamu. Ulimwengu ulianza na heliamu karibu asilimia 25 ya uzito wa kila kitu, na hizi nyota za bluu ilibidi ziwe na kati ya asilimia 35 na 40. Nyota yenye heliamu nyingi inakuwa na joto zaidi, rangi inaenda bluu, na inamaliza mafuta yake mapema. Mwaka 2007 likafuata fungu la NGC 2808, hilo likaonyesha mistari mitatu.

Kwa hivyo tuko na taa za rangi tofauti kwenye ziwa moja. Hapo hakuna ubishi, na sitaki mtu anielewe vibaya, makundi yapo.

Na si rangi peke yake. Tangu miaka ya 1970 watu walikuwa wameshaona kwamba ndani ya fungu moja kuna nyota zenye naitrojeni nyingi kuliko jirani zao, lakini wengi walisema labda nyota yenyewe ndiyo inajikoroga ndani ikizeeka, inapandisha juu kile ilichopika katikati. Halafu ikaonekana kitu cha kushangaza zaidi: nyota yenye sodiamu nyingi ina oksijeni kidogo, na yenye oksijeni nyingi ina sodiamu kidogo, fungu baada ya fungu, karibu bila kukosa. Mwaka 2009 kundi la Eugenio Carretta lilikuwa limeshapima zaidi ya nyota 1,000 kwenye mafungu mengi na mchoro ni ule ule. Sasa mwanafunzi wa kemia atauliza mbona sodiamu ipande wakati oksijeni inashuka, na jibu ni tamu: hizo ni alama za hidrojeni kuchomwa kwenye joto kali sana, ambapo oksijeni inageuzwa kuwa naitrojeni, na neoni inameza protoni inakuwa sodiamu, na hiyo inataka joto la digrii milioni 40 na zaidi. Ukipanda hadi karibu milioni 70 au 80, magnesiamu nayo inaanza kugeuka alumini. Katikati ya Jua letu ni kama milioni 15 tu. Kumbuka nyota tunazoziona leo kwenye haya mafungu ni nyepesi kuliko Jua, haziwezi kabisa kufika huko.

Msumari ulipigwa mwaka 2001, wakati Raffaele Gratton na wenzake walipopima nyota za fungu la NGC 6752 ambazo hata hazijaanza kuvimba, hazijajikoroga kitu, na zile alama za sodiamu na oksijeni zilikuwa pale pale. Maana yake nyota haikujipikia. Ilizipata kwa mwingine, ama ilizaliwa kwenye gesi iliyoshapita jikoni, ama ilipakwa ikiwa bado changa.

Ona basi hayo maneno mawili, ama na ama. Ugomvi wangu wote uko hapo.

Kuna kidokezo kingine ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, nacho ni chuma. Kwenye mafungu mengi kiwango cha chuma hakibadiliki kutoka kundi hadi kundi, au kinabadilika kidogo sana. Chuma kinatawanywa na supanova. Kama kundi la pili lingezaliwa kwenye gesi iliyochafuliwa na milipuko ya nyota za kwanza, chuma kingepanda, na hakipandi. Kwa hivyo aliyepika hiki chakula alipika kwa joto kali sana lakini jiko lake halikulipuka, alimwaga polepole. Ni nani huyo?

Washukiwa ni kadhaa. Wa kwanza ni nyota za uzito wa mara 4 hadi 8 wa Jua, ambazo zikizeeka huvimba na kupuliza tabaka zao za nje kwa upepo wa polepole. Wengine wakasema ni nyota nzito zinazozunguka kwa kasi mpaka zinatupa gesi kiunoni. Wengine, nyota nzito zinazoishi mbilimbili na kumwagiana gesi. Na wako wanaosema ilikuwa jitu moja la uzito wa maelfu ya Jua lililojijenga katikati ya fungu siku za mwanzo kabisa, likapika, likamwaga, likaisha. Hakuna hata mmoja kati yao anayetoa hesabu yote ikakubali. Mmoja anatoa sodiamu sawa lakini oksijeni inakataa, mwingine anatoa heliamu nyingi mno.

Kizazi maana yake ni ile picha ya mshukiwa wa kwanza: nyota za kwanza zikazaliwa, zikaishi, zikapuliza upepo, upepo ukajikusanya katikati ya fungu kama maji kwenye bonde, ukapoa, na baada ya miaka milioni 30 hivi hadi 100 na zaidi nyota mpya zikazaliwa humo. Wazazi na watoto. Ni stori nzuri, ina mpangilio, inaingia akilini mara moja, na ndio maana neno limeshika. Lakini hebu tuipeleke sokoni tuipime.

Kundi hili la pili si dogo. Kwenye ule upimaji mkubwa wa Hubble wa mafungu 57 kwa mwanga wa altravayoleti, Antonino Milone na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba kundi la kwanza, lile lenye kemia ya kawaida, ni kati ya asilimia 8 na 67 tu ya nyota zote, na fungu likiwa zito zaidi ndivyo hilo kundi la kwanza linavyokuwa dogo. Yaani mara nyingi hao wanaoitwa watoto ni wengi kuliko wazazi, wakati mwingine mara kadhaa. Sasa zile nyota za uzito wa 4 hadi 8 zote zikijumlishwa, gesi wanayopuliza haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa kizazi kizima. Ni kama mama pale soko la Kibuye apepete gunia moja la mahindi halafu akuambie makapi peke yake yamejaza gunia lingine zima na zaidi. Utamwambia mama, hebu tupige hesabu tena.

Wenye nadharia wakajibu, na jibu lao lina akili: labda kundi la kwanza lilikuwa kubwa mara 10 au zaidi wakati wa kuzaliwa, halafu nyota zake nyingi zikatoroka fungu. Yaani mama alikuwa na magunia 10, ameshauza 9. Sawa, lakini basi hayo 9 yameenda wapi? Kuna galaksi ndogo inaitwa Fornax, iko na mafungu yake ya tufe, na mwaka 2012 Søren Larsen na wenzake walienda kuhesabu nyota zilizozagaa humo zenye metali kidogo sawa na za mafungu yenyewe, na wakakuta ni chache mno, kiasi kwamba hata ukisema kila moja ilitoroka kutoka kwenye mafungu, bado mafungu hayangeweza kuwa mazito kuliko mara 4 au 5 ya sasa. Na hapo ni lazima uchukulie hakuna nyota hata moja iliyozaliwa nje ya fungu, jambo ambalo hakuna anayeliamini. Tumeingia ghalani, na magunia 9 hayako.

Halafu kuna swali la gesi. Kama kizazi cha pili kinazaliwa kwenye gesi iliyojikusanya, basi tukiangalia mafungu mazito ambayo ni machanga leo, kwenye galaksi zingine, tunafaa tukute baadhi yao wako na hiyo gesi mkononi au wako katikati ya kuzaa. Watu wametafuta. Hawakuikuta kwa kiasi kinachohitajika.

Na sasa lile jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kuna fungu linaitwa NGC 1978, umri wake miaka bilioni 2 tu, na ndani yake makundi ya kemia yapo. Kwa vile ni changa, umri wa nyota zake unaweza kupimwa kwa usahihi ambao hatuwezi kuupata kwa wazee wa miaka bilioni 12, ni kama tofauti ya kumwuliza kijana amezaliwa lini akupe tarehe na kumwuliza nyanya akuambie ilikuwa mwaka wa ile njaa. Mwaka 2018 Silvia Martocchia na kundi lake walipima tofauti ya umri kati ya makundi ya NGC 1978 na wakapata mwaka milioni 1, na kosa la kipimo likiwa miaka milioni 20 kwenda juu au chini. Kwa maneno mengine ni sifuri. Walitoka majini pamoja, wengine na karabai wengine na sola.

Hiyo haiui kila nadharia, niseme wazi. Nyota nzito kabisa zinaishi miaka milioni chache tu, kwa hivyo kama hao ndio walipika, tofauti ya umri ingekuwa ndogo hivi hata tusiione. Lakini inawabana vibaya sana wale wa miaka milioni 100, na ni hao ndio waliotupa neno kizazi.

Nisifiche upande wa pili. Wanaotetea kizazi wako na hoja, na zingine ni nguvu kweli. Kwenye mafungu mengi kundi la pili limebanana katikati zaidi kuliko la kwanza, kama vile lilizaliwa pale gesi ilipotulia, ingawa yako machache yaliyo kinyume. Na wale kama mimi wanaoegemea kwenye lile wazo la kupakwa, kwamba nyota zote ni za wakati mmoja ila zingine zilimwagiwa gesi chafu zikiwa changa, wana shida yao: nyota nyepesi ina uvutano mdogo, inafaa ivute uchafu kidogo kuliko nzito, kwa hivyo kwenye nyota ndogo kabisa makundi yanafaa yafifie. Hubble ikapima nyota ndogo za NGC 2808 na M4, na makundi yako pale pale, kwa uwiano ule ule. Hiyo iliniuma kidogo kuisoma, lakini ndiyo iko. Halafu kuna Ruprecht 106, fungu zee ambalo halina kundi la pili, na hakuna aliyenieleza nikaridhika kwa nini hilo likose wakati wenzake karibu wote wanalo.

Sasa turudi kwa maneno, kwa sababu ndilo nililotaka kusema. Staffroom kwetu kuna mwalimu wa hesabu anatoka Bungoma, na nilipokuwa namweleza haya akanipa kitu ambacho sikukitegemea. Kwao Wabukusu tohara inakuja Agosti kila baada ya miaka miwili, na walioingia pamoja ni rika moja maisha yao yote. Akaniambia, "Sasa wa 2022 na wa 2024, utawaita baba na mwana? Wanaweza kuwa ndugu tumbo moja." Nikamwambia hapo umenisaidia sana ndugu yangu. Kwa sababu Kiswahili kiko na ngazi ambazo hili jambo linazihitaji. Kizazi kinadai mambo mawili, kwamba mmoja alikuja baada ya mwingine na kwamba alitoka kwake. Rika linadai wakati peke yake. Kundi halidai wakati wala uzazi, linasema tu hawa wanafanana na wale hawafanani nao. Na ushahidi tulio nao kwa mafungu mengi ni wa kundi. Kemia tumeipima, heliamu tumeipima, mpangilio tumeupima. Wakati hatujaupima, na pale tulipoupima vizuri tumepata sifuri. Mwaka 2018 Nate Bastian na Carmela Lardo waliandika mapitio marefu ya hii taaluma yote, wakaonyesha hakuna nadharia hata moja iliyopita mitihani yote, na humo wao wenyewe waliongea habari za makundi, si vizazi.

Kuna mtu ataniambia hayo ni maneno tu, mwalimu, wanasayansi wanajua wanachomaanisha. Sikubali. Neno linaamua utatafuta nini. Ukisema kizazi, unaomba muda wa darubini kutafuta gesi inayosubiri kuzaa, unaandika modeli zinazoanza na wazazi, na mwanafunzi wako anaanza kujenga kutoka hapo bila kujua kwamba msingi ni dhana. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo mihula miwili kwenye klabu yetu ya sayansi, nilichora ubaoni nyota mama na nyota mtoto na mshale katikati, na msichana mmoja wa form three akaniuliza, "Mwalimu, huo mshale nani aliuona?" Nilifuta mshale. Saa hii naandika kundi la kwanza na kundi la pili, na hata hiyo kwanza na pili nawaambia ni namba za jezi tu.

Lakini tusifagie kila kitu na ufagio mmoja, maana kuna mahali neno kizazi ni haki yake kabisa. Omega Centauri yenyewe iko na chuma cha viwango tofauti tofauti, kutoka kidogo sana hadi kingi, na Hubble imetenganisha angalau makundi 15 ndani yake. Hapo supanova zilihusika, gesi ilikaa, nyota zikazaliwa tena na tena. Wengi sasa wanaamini hilo si fungu la kawaida hata kidogo, ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani ikavuliwa nyama yote ya nje. Mwaka 2024 picha za Hubble za miaka zaidi ya 20 zilionyesha nyota 7 pale katikati zinakimbia kwa kasi ambayo ingezitupa nje kama hakungekuwa na kitu kizito kinachozishika, shimo jeusi la uzito usiopungua mara 8,200 wa Jua. Hiyo ni tabia ya kitovu cha galaksi. Terzan 5 nayo, iliyojificha kwenye vumbi upande wa katikati ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, iko na nyota za miaka bilioni 12 na zingine za bilioni 4.5 hivi, tofauti ya miaka bilioni 7 na zaidi. Hapo ita kizazi, ita hata babu na mjukuu, nitakuunga mkono. Shida ni kuchukua jina la hawa wawili na kuwavisha wengine wote 150.

Mahali ninapoweka macho sasa ni darubini ya Webb. Mwaka 2024 Angela Adamo na wenzake walionyesha mafungu matano mazito yakiwa bado machanga kabisa, ndani ya galaksi ambayo mwanga wake ulitoka miaka milioni 460 tu baada ya ulimwengu kuanza. Na kwenye galaksi zingine za zamani kama GN-z11 Webb imeona naitrojeni nyingi kupita kiasi, ile ile alama ya jiko la joto kali. Kama tunaweza kuliona jiko likiwa bado linawaka, basi siku moja tutajua mpishi ni nani na alipika kwa muda gani, na hapo kama ni kizazi tutasema kizazi.

Kwa sasa, aliye Kisumu, Siaya, Busia, Nakuru, popote huku, ana kitu ambacho mtu wa London hana. Omega Centauri haichomozi London hata siku moja, iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Edmond Halley alilazimika kusafiri hadi kisiwa cha St Helena ndiyo akaiandika mwaka 1677 kwamba si nyota moja. Sisi inatupitia kusini karibu nusu ya njia kutoka upeoni kwenda utosini. Mwisho wa Mei kuingia Juni, saa tatu usiku hivi, angalia kusini uutafute Msalaba wa Kusini, kushoto kwake utaona nyota mbili kali, hiyo iliyo karibu na Msalaba inaitwa Hadar. Kutoka Hadar panda juu hadi nyota inayofuata yenye mwangaza wa wastani, halafu panda tena hatua ile ile. Utakutana na kitu kama nyota iliyofutwa na kidole. Ukiazima darubini ya macho mawili, ile ya kuangalia ndege, kitakuwa kama kibonge cha pamba. Hutaona mistari miwili wala rangi mbili, itakuwa weupe mmoja tu. Na chagua usiku ambao wavuvi wa omena wametoka, maana ndio huo huo usio na mwezi.